Hongo

Nilishuka Bahi saa nne, jua limeshakalia kiti chake,
nikapanda bodaboda ya kijana aitwaye Lechipya
hadi njia ilipokata tamaa.
"Ngome yenyewe iko wapi?"
Akanionyesha kwa kidevu:
tuta refu jekundu, mbuzi wanne juu yake,
na mgunga ulioota palipokuwa na paa.

Kichwani nilibeba picha ya kitabu cha darasa la sita,
mawe, minara, bendera.
Hapa hakuna jiwe lililokaa juu ya jiwe.
Mtemi Chidawali alijenga kwa alichokuwa nacho:
miti, udongo, kinyesi cha ng'ombe,
hofu ya watu mia tatu.
Tembe ikajizungusha kama chatu aliyelala mkia mdomoni,
mifugo katikati, watu ndani ya ukuta,
na matundu ya mshale yenye upana wa jicho moja.

Misafara ilipita pale chini, kwenye bonde jeupe la magadi.
Kisima kilikuwa kimoja.
Mwenye kiu alilipa: doti tano za kaniki, jembe,
waya wa shaba, shanga nyekundu
(si za buluu; mke mdogo wa mtemi
alisema za buluu zina macho ya maiti).
Malipo hayo yaliitwa hongo,
na hakuna aliyelitamka neno hilo kwa kunong'ona.
Ilipokelewa kwa ngoma,
ikahesabiwa uani, mbele ya watoto.

Kisha ukaja msafara uliokataa.

Siku tatu risasi ziliingia ukutani kama mbegu,
na ukuta ukazimeza.
Siku ya nne ikanyesha.
Mvua ileile ambayo mtemi aliisihi tangu mwezi uliopita
kwa mawe yake meusi na mafuta ya kondoo.
Paa la udongo likanywa, likanywa tena,
likalewa, likalala juu ya wenyewe.
Ndivyo anavyosimulia Lechipya.
Shangazi yake anasema ulikuwa moto.
Na wapo wasemao hapakuwa na vita yoyote,
watu walihama tu, wakifuata majani.

Upande wa mashariki nilimkuta Mama Mbeleje
na jembe lisilo na mpini mzima,
anachimba ngome, anajaza ndoo.
Nilitaka kumkemea. Nilikuwa na kamera shingoni
na neno "urithi" tayari ulimini.
"Mbukwa," akasema, bila kuinuka.
"Nyumba yangu imechubuka kifuku hiki.
Udongo huu ulishakandwa na miguu ya watu,
haupasuki upesi."
Jembe likagonga kitu. Akakiokota, akakifuta kwa kidole gumba:
risasi ya duara, nzito, ya kijivu,
akaitupa kwenye kopo la mafuta. Ikalia.
Humo zilikuwamo nyingine saba.
"Za mjukuu," akasema. "Anafunga kwenye nyavu.
Bwawa likijaa, kambale hawajui hii ilitumwa kwa nani."

Nikaifunga kamera.
Nikamshikia ndoo hadi kichwani pake,
na ukuta wa Chidawali ukaondoka, unatembea,
ukishuka kilima kwa mwendo wa mama mwenye goti bovu.

Penye pengo, palipokuwa mlango mkuu,
kijana wa jezi ya kijani alikuwa ameweka kigogo njiani.
Filimbi shingoni, kitabu cha risiti hana.
"Elfu mbili, mgeni."
"Ya nini?"
"Ya kupita."
"Ina jina?"
Akacheka, akatazama mbuzi, akatazama angani.
Jina analijua.
Nikalipa.
Hakuna ngoma iliyopigwa. Noti ilizama ndani ya soksi
upesi, kimya,
kama risasi inavyoingia kwenye udongo laini.